Lubumbashi hadi Likasi kila siku: gari gani la mazutu la mtumba?

Swali lenyewe kwa ufupi. Mama mmoja, muuguzi anayekaa Kampemba, amepata kazi Likasi na hataki kuhama kwa sababu watoto wanasoma Lubumbashi. Atakwenda na kurudi siku nne kwa wiki. Ana dola 7,000. Mume wake anataka Prado ya dizeli, yaani ya mazutu, kutoka Japani. Shemeji yake aliye Brussels anasema anaweza kumtumia Volkswagen Golf 1.9 TDI ya zamani. Na muuzaji mmoja amemtumia picha za Mazda CX-5 ya dizeli iliyokwisha kufika Dar es Salaam, "safi kabisa, haijaguswa." Anauliza achukue lipi, na atalikaguaje kabla ya kutoa pesa.

Jambo mama.

Nitasema jibu kwanza, sababu zifuate. Kati ya hayo matatu, Golf. Lakini si kila Golf, na si lazima iwe hiyo ya shemeji. Mazda iache. Prado ni gari la heshima, ila kazi yako si ya Prado.

Tufanye hesabu kabla hatujafungua boneti lolote. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi 240, mara nne kwa wiki 960. Kwa mwezi unakaribia 4,000, na kwa mwaka, hata ukitoa wiki nne za mapumziko, unafika kama 46,000. Huo ni mwendo wa teksi, mama, na gari lichaguliwe kwa macho ya mtu wa teksi: linakula kiasi gani, na likiharibika nani analijua.

Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ, lita tatu na turbo, inakula kama lita 12 kwa kilomita 100. Kwa mwezi wako ni lita 480. Golf ya 1.9 TDI yenye nguvu farasi 90, ikiendeshwa na mtu mwenye mguu mwepesi, inakula lita 6 au chini kidogo: 240 kwa mwezi. Nusu kabisa. Sasa weka pembeni Corolla ya esansi, yaani petroli, ya injini ndogo, lita 1.5 au 1.6. Kwenye barabara ya wazi itakula kama lita 7, yaani 280 kwa mwezi. Zidisha hizo namba kwa bei ya pampu ya leo, mazutu kwa bei yake na esansi kwa bei yake, kisha mwoneshe mzee wa nyumbani.

Ameshaona? Prado ya mazutu inakula zaidi ya Corolla ya esansi, tena si kwa tofauti ndogo. Watu wengi hapa mjini wanaamini neno "dizeli" lenyewe linapunguza mafuta. Ni kweli injini ya dizeli hutumia mafuta yake vizuri zaidi, lakini haiwezi kufuta uzito. Prado inabeba karibu tani mbili na inasukuma upepo kwa kifua kipana. Golf haifiki tani moja na nusu hata ukipanda na wenzako wawili. Anayekula mafuta yako njiani ni uzito na upepo. Aina ya mafuta inakuja nyuma yao.

Na angalia jambo la pili ndani ya namba hizo. Kati ya Golf ya mazutu na Corolla ya esansi kuna lita 40 tu kwa mwezi. Kwa mwaka inakaribia lita 500, si haba. Lakini ukarabati mmoja wa pampu ya mazutu au turbo unaweza kuzimeza zote. Kwa hiyo dizeli itakulipa kwa sharti moja: iwe nyepesi, na iwe ya kizamani kiasi cha kuvumilia mazutu tunayouziwa na mikono ya mafundi tulio nao. Ikikosa hilo, chukua Corolla ya esansi na usione aibu.

Sasa usukani, jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Japani, Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto. Ndiyo maana gari lolote lililopitia Dar, Tunduma na Nakonde mpaka Kasumbalesa mara nyingi lina usukani wa kulia. Mjini tumezoea; unakwenda mitaa ya Kenya au Katuba na hakuna anayekumbuka. Barabara ya Likasi ni habari nyingine. Unaijua: malori ya shaba na kobalti, ya asidi, ya mafuta, moja nyuma ya jingine. Ukiwa na usukani wa kulia umekaa upande wa majani. Ili uone mbele ya lori lazima utoe gari karibu lote kwenye njia ya wanaokuja, ndipo macho yako yapate nafasi. Wengi wanamtegemea abiria aliyekaa kushoto: "pita, pita... ngoja!" Mimi simwamini abiria aliyekuwa anasinzia dakika moja kabla. Na jioni, ukirudi peke yako, hata huyo abiria hayupo.

Wewe utapita malori mara nyingi kila siku, mwaka mzima. Kwa mtu wa mjini ningesema usukani wa kulia si shida kubwa. Kwako naupa uzito kuliko mwaka wa gari, kuliko rangi, kuliko kiyoyozi. Usukani wa kushoto. Hilo peke yake linaiondoa Mazda ya Dar na Prado ya Japani, lakini tuseme bado mzee anasisitiza. Acha niwaambie mengine.

Mazda CX-5 ya dizeli ilianza kuuzwa Japani mwaka 2012, na injini yake ya 2.2 ni kazi ya ufundi mkubwa. Imetengenezwa kwa nchi ambayo mazutu yake yana salfa kidogo mno, sehemu 10 kwa milioni. Kwenye bomba la moshi kuna filta ya masizi. Filta hiyo ikijaa, kompyuta inaongeza mazutu ili joto lipande mpaka karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Salfa nyingi inaivuruga kazi hiyo. Halafu sehemu ya mazutu ya ziada inateremka kwenye oili. Ukivuta kijiti cha kupimia oili cha gari hilo utakuta juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X, kwa sababu Mazda wenyewe wanajua oili inaweza kupanda badala ya kushuka. Oili iliyochanganyika na mazutu inakuwa maji maji, na turbo haipendi oili ya maji maji.

Haki yake niitoe: safari ndefu ya mwendo mmoja ndiyo filta ya masizi inayoitaka, na wewe ungekuwa mteja mzuri kuliko mtu wa kuzunguka katikati ya mji. Lakini mazutu ya kwetu leo unayapata kwenye kituo, kesho kituo kimekauka unanunua kwa Khadafi, wale wauza mafuta wa pembeni ya barabara, kwenye bidoni ya njano. Gari hilo halitakusamehe bidoni. Wapo watakaokwambia filta inakatwa tu na kompyuta inadanganywa. Inakatwa, ndiyo. Wengine wanaikata vizuri, wengine wanakuachia taa ya injini inayowaka mpaka mwisho wa maisha ya gari. Dola 7,000 si pesa ya kufanyia majaribio hayo.

Prado nitaisema upesi. 1KZ ina kulasi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, na ikichemka mara moja tu kwa nguvu, kulasi inapasuka. Zinazouzwa leo nyingi zimeshachemka mahali fulani, iwe Japani au njiani au mikononi mwa dereva wa kwanza hapa. 1KD iliyofuata ina injekta za shinikizo kubwa ambazo bei ya nne mpya itakukosesha usingizi. Mtu anayekwenda shamba, anayevuka matope ya Januari, anaihitaji Prado. Barabara yako ina lami.

Labda unajiuliza kwa nini basi hakuna sedani ndogo za dizeli kutoka Japani, tukachagua Toyota yetu tuliyoizoea tukamaliza. Zilikuwepo. Corolla zenye injini za 2C na 3C zilitembea sana. Lakini mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni ya kuipinga dizeli, na Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi yakazuiwa Tokyo na mikoa ya jirani. Watu wa kawaida nao wakaziacha dizeli. Kwa hiyo kinachotoka kule kikinywa mazutu ni magari ya porini, pikapu, Hiace, na baada ya 2012 hizo Mazda. Corolla ya 2C ukiikuta leo imechoka, na kulasi yake nayo haipendi joto.

Ulaya ilikwenda njia nyingine. Kule dizeli ilikuwa gari la mfanyakazi anayesafiri mbali, hasa kama wewe. Halafu miji ikageuka. Brussels iliweka masharti ya moshi mwaka 2018. Mwaka 2020 dizeli za kiwango cha moshi cha Euro 3 zikafungiwa, na 2022 zikafuata za Euro 4. Mtu wa Brussels mwenye Golf ya 2001 iliyotunzwa vizuri hawezi tena kuitembeza mjini kwake. Ndiyo maana shemeji anaiona kwa bei ndogo. Usifikiri ameokota ubovu.

Sasa Golf yenyewe. Ninayoisifia ni ya kizazi cha nne, iliyotoka 1997 mpaka karibu 2003, yenye 1.9 TDI ya farasi 90. Injini hiyo hiyo iko kwenye Bora na kwenye Skoda Octavia ya wakati ule, na Octavia ina buti kubwa zaidi. Ina pampu moja ya kuzunguka ya Bosch, ambayo fundi wa pampu anaweza kuifungua, akabadilisha mipira inayovuja, akairudisha. Haina filta ya masizi. Kulasi yake ni ya aluminiamu vilevile, lakini haina ile sifa mbaya ya kupasuka, mradi usiiache ikauke maji. Tangi lake lina lita 55, yaani tangi moja linakaribia kumaliza wiki yako nzima. Hilo nalipenda kuliko yote, na nitarudi kwake.

Kuna ndugu yake wa kuepuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Volkswagen walianza kutoa 1.9 TDI ya mfumo mwingine, kila injekta na pampu yake ndogo inayosukumwa na shafti ya juu ya kulasi. Nguvu imeongezeka, 100, 115, 130, mlio umekuwa mkali. Lakini shafti hiyo inadai oili ya aina yake maalumu, na ukiitilia oili yoyote ya dukani inaliwa polepole. Hapa kwetu oili "yoyote ya dukani" ndiyo iliyozoeleka. Iache.

Mbadala mwingine wa Ulaya ni Peugeot ya 2.0 HDi ya farasi 90: 306 za mwisho, 406, 307 za mwanzo, Partner. Injini ngumu, isiyo na filta kwenye toleo hilo la nguvu ndogo. Shinikizo la mafuta ndani yake ni kubwa, linapita bar 1,300, kwa hiyo inadai mazutu masafi kuliko Golf. Naiweka ya pili. Kipimo changu kwa magari ya Ulaya ni mwaka 2009. Kuanzia hapo Euro 5 ikaingia na filta ya masizi ikawa karibu kila mahali, na shida inarudi kuwa ileile ya Mazda.

Tatizo la Golf hapa ni vipuri. Toyota, hata usiku wa manane mtu atakupatia pampu ya maji. Golf, utazunguka. Wewe una shemeji Brussels, na huo ni mtaji. Badala ya kukutumia gari, mwombe akutumie kifurushi: mkanda wa distribisio (timing belt) na viroleli vyake, pampu ya maji, thermostati, filta za mazutu na oili za mwaka mzima, buji nne za kupasha, na kifaa cha kupimia hewa inayoingia kwenye injini, maana hicho kwenye Golf kinachoka mapema na gari linakuwa zito bila sababu unayoiona. Kifurushi hicho ni kidogo, na mtu anayekuja likizo anaweza kukibeba kwenye begi.

Gari lenyewe ningependelea ulitafute hapahapa, lenye namba tayari na kati roze (kadi ya gari) inayolingana na kitambulisho cha anayeuza. Gari la kutoka Antwerp litapanda meli mpaka Dar au Durban, litapita Zambia, litalipiwa ushuru Kasumbalesa, na kila kituo kina mkono wake. Ukiamua hivyo hata hivyo, nenda kwanza kwa deklaran (wakala wa forodha) unayemwamini, na mwaka wa gari ukiwa umeandikwa kwenye karatasi. Muulize kama umri huo unaruhusiwa kuingia na jumla itafika ngapi. Fanya hivyo kabla shemeji hajalipa hata senti. Na shemeji adai Car-Pass. Tangu mwisho wa 2006, mtu wa Ubelgiji akiuziwa gari la mtumba lazima apewe karatasi hiyo, inayoonyesha kilomita zilizoandikwa kila gari lilipopita kwa fundi au ukaguzi. Kilomita 280,000 zilizoandikwa wazi zinanipa amani kuliko 120,000 za mdomo.

Tuje kwenye ukaguzi. Hapa usiharakishe.

Mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili asubuhi, na gari lisiwashwe. Kisha njoo saa kumi na moja na nusu. Weka kiganja juu ya boneti, halafu kwenye bomba la radiata. Likiwa vuguvugu, ameshaliamsha, na mtu halipashi gari moto alfajiri bila sababu. Dizeli haina cheche. Inawasha mazutu kwa joto la hewa iliyobanwa. Injini iliyochoka haibani vizuri, na kwenye baridi haina pa kujificha. Kama ni Juni au Julai una bahati, kwa sababu asubuhi za Lubumbashi zinashuka chini ya nyuzi 10 na ukweli unatoka wenyewe.

Geuza ufunguo nusu, ngoja taa ya buji izime, kisha washa. Injini nzima inashika mara moja au ya pili. Mtu mmoja asimame nyuma aangalie moshi. Mweupe wenye harufu kali ya mazutu mabichi, gari likitetemeka kama lina homa: buji zimekufa, au mbano umeshuka. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji yanapungua: joani (gasketi) ya kulasi au kulasi yenyewe. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga pedali ni mafuta mengi kuliko hewa; kidogo usiogope, kwa sababu tuko kama mita 1,200 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, lakini wingu la kuficha ukuta wa jirani si la kawaida.

Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili na ukigeuze, ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirukaruka na kutupwa, na moshi ukipumua kutoka mle, ringi zimechoka na mbano unateremkia chini. Hapo usijadili bei, ondoka. Angalia pia tumbo la kifuniko: ute wa rangi ya maziwa ya chai ni maji ndani ya oili.

Kisha mwombe fundi wako afungue skrubu ya chini ya filta ya mazutu, achukue kidogo kwenye chupa tupu ya maji, ile inayoona ndani. Iweke chini, mwendelee na mengine, mrudi baada ya robo saa. Maji yatakaa chini kama jicho, mazutu juu yake. Kutu na uchafu vitalala chini kabisa. Chupa hiyo inakwambia mwenye gari alikuwa ananunua wapi, na pampu ina hali gani, bila yeye kufungua mdomo.

Baada ya hapo endesha. Si kuzunguka mtaa. Toka mpaka barabara kubwa, kilomita 40 kwenda na kurudi, na kipande cha kupanda mlima ukikanyaga. Muuzaji akisema mafuta ni machache, tia lita kumi kwa pesa yako. Ni lita za thamani kuliko zote utakazonunua. Macho yawe kwenye mshale wa joto: unafika katikati na unakaa hapo. Kwenye Golf sikiliza kama gari linakata nguvu ghafla unapopita lori, halafu linarudi ukizima na kuwasha tena. Hiyo ni turbo ambayo mabawa yake ya ndani yamejaa masizi yakakwama. Inasafishika, ila ikushushie bei. Ukirudi, zima, fungua boneti, subiri ipoe kabisa, kisha bonyeza bomba la juu la radiata. Injini baridi na bomba bado gumu kama limejazwa upepo maana yake mbano wa silinda unaingia kwenye maji.

Chasisi, breki, mpira wa stabilizeta, hayo fundi yeyote wa mtaani atayaona kwa nusu saa.

Kwenye pesa zako nakushauri gari lisipite dola 5,000, na 2,000 zibaki mfukoni. Si za kusherehekea. Siku ya kwanza, kabla hujaenda Likasi hata mara moja, badilisha mkanda wa distribisio pamoja na pampu ya maji na viroleli, hata muuzaji akiapa kwa mama yake kwamba ulibadilishwa mwaka jana. Ukikatika kwenye injini hii, vali zinagongana na pistoni. Kwa vumbi letu usiuvushe kilomita 60,000, na kwa mwendo wako hizo zinafika ndani ya mwaka na miezi michache. Andika kilomita kwa kalamu kwenye kipande cha bandeji, kibandike ndani ya boneti. Wewe ni muuguzi, bandeji hazitakukosa.

Oili kila wiki sita. Kitabu cha gari kitakuambia muda mrefu zaidi, lakini kitabu kiliandikwa kwa mazutu ya Ulaya. Salfa ikiungua inazaa asidi, asidi inaishia kwenye oili, na oili ikishindwa kuipunguza nguvu inaanza kula vyuma. Filta ya mazutu kila oili ya pili, na maji yatolewe chini ya filta kila wiki mbili wakati wa mvua. Ukifika Likasi usizime papo hapo. Acha injini ipumue dakika moja wakati unakusanya mkoba wako, ili turbo ipoe na oili ikipita.

Na sasa lile tangi la lita 55. Kwa kuwa linakaribia kukufikisha mwisho wa wiki, huna haja ya kununua mafuta njiani hata siku moja. Chagua kituo kimoja Lubumbashi chenye magari mengi, ili mazutu yasikae muda mrefu kwenye tangi lao, na jaza hapo mara mbili kwa wiki kabla tangi halijafika robo. Ukiona lori la mafuta linashusha, pita, rudi kesho, maana uchafu wa chini umekorogwa. Prado ingekupeleka kwa Khadafi mara nyingi. Golf haikupeleki, ukiwa na nidhamu ya siku za kujaza.

Kuhusu ile ya shemeji: mwambie ainue zulia la buti, pale tairi la akiba linapokaa, apige picha ya stika yenye namba za gari. Kuna herufi tatu za injini. Zikiwa ALH au AGR, ndiyo farasi 90 ninayoisema. AHF au ASV ni farasi 110 za pampu ileile, nazo ninazikubali. Akikuletea AJM, ATD, AXR au ASZ, mshukuru, mwambie atume kifurushi cha vipuri tu, na wewe uendelee kutafuta hapa mjini.